Kongosho Langu na Friza ya Samaki

Kongosho la nguruwe likichemshwa linageuka kijivu. Lina vinundu vinundu, kisu hakilikati sawasawa, na ukilitafuna linazunguka mdomoni na kuacha utando wa mafuta nyuma ya meno. Nalijua kongosho kuliko ninavyopenda kulijua. Mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa nakaa Kashikishi kando ya Ziwa Mweru, dada mkubwa wa mama yangu alinilisha kitu hicho karibu kila asubuhi, nami nilikula huku machozi yananitoka. Mtu angeniona angedhani nalia kwa shukrani. Nilikuwa nalia kwa kinyaa.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyaa tangu utotoni. Sinywi kwenye kikombe kilichoguswa na mdomo wa mwingine. Nikiona unywele kwenye ugali, siku yangu imeharibika. Na Mungu, kwa utani wake, akanileta duniani penye ziwa. Kashikishi kila kitu kilinuka samaki: noti, mashuka, watoto wachanga, Biblia. Wale samaki wadogo tunaowaita chisense walianikwa juu ya mchanga uleule ambao watu walipita na viatu vyao, mbwa walipita bila viatu, na inzi walifanya mkutano wao toka asubuhi mpaka jioni. Kisha walizolewa, wakatiwa kwenye magunia, na watu wa miji ya migodi huko mbali wakawasifu kwa utamu. Hata mimi niliwala. Lakini niliwala nikiwa nimejilazimisha kufikiri mambo mengine.

Ndiyo maana sikuuza samaki kama wanawake wengine wa ukoo wetu. Niliuza vitenge na sabuni. Sabuni hasa niliipenda, ile ya mche mrefu unaokatwa vipande kwa uzi. Nilikaa sokoni na vipande vyangu vimepangwa, nikavuta harufu yake, na kwa kitambo nikasahau niko wapi.

Ugonjwa ulinikuta ng'ambo, upande wa Kongo, nilipokuwa nimeshakuwa msichana mkubwa. Nilikonda, nikawa nakunywa maji kama mtu aliyekula chumvi tupu, na sisimizi wakaanza kupanga mstari kwenda mahali nilipokojoa. Hilo la sisimizi ndilo lililoniumiza roho. Nilijiona nimekuwa takataka ambayo wadudu wanaifurahia. Wakaniambia ni sukari, tena si ile ya wazee wanene inayotulizwa kwa vidonge. Yangu ilikuwa ile ambayo mwili unaacha kabisa kutengeneza insulini, na bila sindano mtu anakufa. Halafu vita vikaja, dawa ikawa haionekani, na nikavushwa kwa boti mpaka kwa mama mkubwa, Kashikishi, ambako hospitali haikuwa mbali na insulini ilipatikana.

Mama mkubwa hakuwahi kuzaa. Alikuwa mwanamke mpana, sauti yake ilisikika kabla yeye hajaonekana, na kazi yake ilikuwa samaki wabichi. Alinunua kwa wavuvi wanaotoka kisiwa cha Chisenga, akawahifadhi kwenye friza aliyokodi nafasi yake kwa tajiri mmoja karibu na bandari, kisha akawapeleka mbali kwa lori. Katika mambo ya kuoza, hakuna aliyemshinda. Aliweza kubonyeza jicho la samaki na kukuambia alitoka majini asubuhi au jana. Kwake dunia ilikuwa na vitu vilivyoganda, ambavyo viko salama, na vitu ambavyo havijaganda, ambavyo vinaelekea kunuka. Watu wote wa bandari walifikiri hivyohivyo. Barafu ilikuwa heshima.

Basi, katika msimu wa joto kali, hospitali ilipata daktari aliyetoka Kongo kama sisi, kijana mwenye miwani na subira. Alikuwa na mashine ya picha, ile wanayowatazamia wajawazito. Nilikuwa nimelalamika tumbo, akasema nilale anitazame. Akanipaka tumboni kitu cha baridi kinachoteleza. Niliwaza ute wa kambare, nikafumba macho nisitapike mbele ya watu. Mama mkubwa alisimama karibu kabisa na kioo cha mashine, akitazama vitone vya kijivu vilivyonyesha humo kama vile anatafuta mtu anayemfahamu.

Daktari alihangaika, akanigeuza huku na huku, mwisho akasema anaona. Akatuonyesha kwa kidole kitu kama utepe mwembamba nyuma ya tumbo.

"Hii njo pankrea," alisema. Sisi wote tulikuwa tunaliita hivyo, kwa Kifaransa. Neno kongosho nililikuta baadaye vitabuni, na wauza nyama wa Kashikishi walikiita kitu hicho nyama ya mbwa. "Yako iko mudogo. Ya mutu mukubwa inapashwa kuwa nene kushinda hii."

"Juu ya nini iko mudogo?" mama mkubwa akauliza, kwa ukali, kama amepunjwa kwenye mzani.

Daktari akaeleza. Kongosho lina kazi mbili. Sehemu kubwa inatoa maji ya kusagia chakula, na hiyo yangu ilikuwa inafanya kazi bado. Lakini ndani yake kuna visehemu vidogo vinavyotengeneza insulini, na hivyo kwangu vilikuwa vimekufa, au vimebaki vichache mno visivyotosha kitu. Insulini ile, ilipokuwa ikitoka, ilikuwa inalilisha kongosho lenyewe pia. Ilipokatika, kongosho likaanza kusinyaa.

"Itakomaa tena?"

"Hapana, mama. Haitakomaa."

"Lakini samaki mudogo tunaiacha ku maji, inakomaa," alisema mama mkubwa. "Kila mwaka serikali inafunga ziwa, batu hawavue, na samaki inakomaa. Sasa hii ya mutoto yangu, juu ya nini isikomae?"

Daktari akacheka, si kwa dharau. Akasema, "Mama, mutu haiko ziwa." Kisha, kwa kutaka kutufurahisha, akaongeza maneno ambayo bila shaka aliyajutia. Alisema tusihuzunike, maana ninachokosa kinapatikana. Ile dawa niliyokuwa najichoma siku zile ilikuwa inakamuliwa kutoka kwenye makongosho ya wanyama.

"Ya nyama gani?"

"Ya nguruwe. Ya ngombe."

Mimi nilikaa kitako juu ya kile kitanda, mafuta yakinitiririka tumboni, nikahisi damu yangu yote imechafuka. Miaka yote ile, asubuhi na jioni, nilikuwa najichoma nguruwe. Mama mkubwa yeye alipiga makofi mara moja kwa furaha.

"Basi tunasumbukaka na maji ya mu chupa, na nyama yenyewe iko pale ku bucha!"

Daktari akacheka tena. Alidhani ni utani. Akaturudisha nyumbani na chupa zangu mpya, akasisitiza, "Dawa ikae ku baridi, mama. Joto ni mubaya."

"Baridi?" mama mkubwa alisema. "Dokta, kwa mambo ya baridi uniachie miye."

Kesho yake asubuhi nikakuta sahani mezani.

Nilikataa. Niliapa. Nilimweleza kwamba tumbo linasaga kila kitu, kwamba daktari angetaka nile angesema nile. Hakunisikia. Alikuwa amekwenda bucha kabla jua halijachomoza, akawakuta wanachinja, akadai kile kipande ambacho siku zote hutupiwa mbwa wa pale. Wachinjaji walimcheka, naye akawatukana vizuri. Alikiosha, akakichemsha na nyanya na kitunguu, akakaa mbele yangu mikono magotini.

"Kula, mama. Yako iko mudogo, tuichunge ikomae."

Alikuwa ananiita mama, kama watu wa kwetu wanavyomwita mtoto wanayempenda. Ningefanya nini? Nilikula. Nilimeza bila kutafuna pale nilipoweza. Baada ya kila tonge nilivuta harufu ya kipande cha sabuni nilichokificha kwenye kitenge. Yeye alinitazama tumbo, kweli kabisa, kama anayengojea kuona kitu kinatuna.

Siku zikapita hivyo. Mbwa wa bucha wakaanza kumfuata mama mkubwa njiani, maana aliwapokonya riziki yao. Walikuja mpaka mlangoni kwetu, wakalala, wakanitazama nikila sehemu yao. Nakumbuka mmoja mwenye jicho bovu, usaha umekauka pembeni. Nilikuwa nikimaliza sahani naye anameza mate. Kama ningeweza ningempa, lakini mama mkubwa hakuondoka mpaka nimefungua mdomo akaona umebaki mtupu.

Na kwa nini nilivumilia? Niliyemuona mpumbavu ni mama mkubwa, lakini chini ya kinyaa changu kulikuwa na kitu kidogo kilichokuwa kinamsikiliza. Daktari alisema labda vimebaki vichache. Vichache si sawa na hakuna. Nilipolala nilikuwa naweka kiganja chini ya mbavu, mahali alipotuonyesha, nikijiuliza kama utepe ule umenenepa hata unene wa uzi. Nilitaka nipone. Nilitaka kuacha kuwa mtu wa kuchomwa na kupimwa mkojo. Kwa hilo ningekula hata mbwa mwenyewe.

Dawa zangu zilikaa ndani ya chungu. Muuguzi mmoja wa ng'ambo alinifundisha zamani: chungu kikubwa chenye mchanga uliolowa, na ndani yake chungu kidogo chenye chupa, juu kitambaa kibichi, mahali pa kivuli. Maji yanapokauka polepole, ndani panabaki baridi ya kutosha. Hakunieleza habari za barafu hata kidogo. Nani kwetu angekuwa na barafu nyumbani?

Asubuhi moja niliinua kile kitambaa, nikakuta chura. Alikuwa amekaa juu ya chupa zangu, mnene, ngozi ya mabaka inang'aa, koo linapanda na kushuka. Alikuwa amejisaidia pia. Nilipiga yowe majirani wakatoka. Nilitupa kitambaa, nikakimbilia uani, nikawa natema mate tu.

Mama mkubwa alikuja na ufagio akidhani ni nyoka.

"Ni chula tu, mutoto yangu!"

"Mama mukubwa, siwezi! Siwezi kujichoma dawa ile chula iko naikalia!"

"Ameikalia chupa, hakuingia ndani."

"Siwezi! Bora nife!"

Alikuwa ameshazoea maneno yangu, lakini hilo la kufa hakulipenda. Akamtoa chura kwa mkono mtupu, akamrusha kwenye majani, akaokota chupa moja moja na kuzitia kwenye kanga yake.

"Bon. Chungu tunaacha. Ku nyumba ya mwalimu iko frigo. Nitaziweka kule, nitakuletea asubuhi na mangaribi. Utatulia?"

Nikatulia. Nilimshukuru hata. Mwalimu alikuwa jirani yetu, mtu msafi, nyumba yake imepakwa chokaa. Niliiona friji yake kichwani mwangu, nyeupe, ndani mna chupa ya maji na pengine limau, na dawa yangu imekaa mlangoni kama mgeni mwenye heshima.

Kuanzia hapo mama mkubwa aliniletea chupa asubuhi na jioni. Ilikuja na unyevunyevu, na ilinukia sabuni. Harufu ile ilinipendeza sana. Niliona mwalimu kweli ni mtu wa usafi. Dawa yangu ilikuwa ya rangi ya maziwa, ile ya kuviringisha viganjani kabla ya kuivuta, na niliona safari hii ina punje punje zimeganda kwenye kioo na haziondoki hata nikiviringisha. Nikadhani ni toleo jipya la kiwandani. Jambo lingine nililoona ni kwamba vipande vyangu vya sabuni sokoni vilikuwa vinaliwa pembeni. Nililaumu panya.

Kisha kiu ikarudi.

Mwanzo niliona ni joto. Nikanywa mtungi, nikanywa mwingine. Nikaanza kwenda chooni mara kwa mara, na choo chetu sitakieleza, ila niseme kwamba kwenda mara moja kulitosha kuniharibia siku. Sisimizi wakarudi na mstari wao. Nilipowaona nilikaa chini nikalia kwa hasira. Nilikuwa natimiza kila kitu. Sindano sikuikosa. Kongosho la nguruwe nilimeza. Nikaongeza dawa kidogo, haikusaidia. Mdomo wangu ukaanza kunuka kama mananasi yaliyoachwa juani, na mimi ninayechukia harufu za watu nikawa sina pa kujikimbia.

Nilijua maana yake, au nilidhani najua. Vile vichache vilivyobaki vimekufa. Utepe wangu umekauka mpaka mwisho, na sasa hata sindano haziutoshi mwili wangu. Nilimwambia mama mkubwa hivyo, nikiwa nimelala kwenye mkeka.

Naye akafanya alilolijua. Akaleta makongosho mengi zaidi. Alizunguka mpaka kwa wachinjaji wa Nchelenge, mji jirani, akarudi na bakuli limejaa, akachemsha, akanisagia yawe laini, akanilisha kwa kijiko. Uji wa kijivu. Ulinuka damu na nyanya. Kijiko cha tatu kilirudi, na kila kilichokuwa tumboni kikafuata, juu ya mkeka, juu ya mikono yake. Hakusogea. Alinipangusa mdomo kwa kanga yake ileile yenye magamba ya samaki, na nilikuwa nimechoka hata kumwambia aondoe kanga hiyo.

Nikaanza kuhema kwa nguvu kama niliyekimbia, ingawa nilikuwa nimelala. Hapo ndipo alipoogopa. Akaita mtu mwenye baiskeli, wakanifunga kwenye kiti cha nyuma kwa kitenge changu cha kuuza, na yeye akatembea pembeni akinishikilia kichwa njia nzima. Mbwa mwenye jicho bovu alitufuata mpaka barabarani, akaacha.

Hospitalini wakaniwekea maji mshipani na insulini ya kwao. Sikumbuki mengi. Nakumbuka plastiki ya godoro, jinsi ilivyonata mgongoni, na mgonjwa wa kitanda cha pili aliyekuwa anakohoa kitu na kukihifadhi kwenye kopo. Nilipopata akili kidogo nilikuwa naomba wanihamishe kutoka kwenye kopo lile. Muuguzi akamwambia mama mkubwa: sasa ataishi, ameanza kulalamika.

Daktari akaja, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Jambo moja lilimsumbua. Dawa ya hospitali na dawa yangu ni aina moja, tena sanduku lile lile. Yao ilishusha sukari yangu vizuri. Yangu haikushusha. Akaniuliza najichoma kiasi gani, nikamweleza. Akaniuliza dawa inakaa wapi.

"Ku frigo ya mwalimu," nikasema. "Zamani ilikaa ku chungu, lakini chula aliingia."

Mama mkubwa alikuwa amesimama kwenye miguu ya kitanda. Alikohoa.

"Frigo ya mwalimu ilikufa toka zamani," alisema.

Nikamtazama.

"Dokta ulisema baridi. Miye nilizipeleka ku friza ya bandari, pamoja na samaki yangu. Chini kabisa, pale barafu iko nguvu." Kisha akanyoosha mgongo, na sauti yake ya sokoni ikamrudia. "Zilikuwa zinaganda kama jiwe, dokta! Hakuna mutu wa Kashikishi alichunga dawa kama vile. Asubuhi nilikuwa naziyeyusha hapa," akagusa kifua chake, "na ku mangaribi naludisha."

Daktari alivua miwani. Alijifuta uso kwa kiganja, akabaki amejifunika macho.

"Mama," alisema, "hii dawa ikiganda inakufa. Mara moja tu inatosha. Inabakia maji."

"Samaki haiharibikake mu barafu!"

"Samaki unaitiaka mu barafu ikiwa imeshakufa, mama. Hii dawa ilikuwa nzima."

Nilikuwa namwona kambare amelala juu ya chupa zangu, mdomo wazi, sharubu zimeganda kwenye karatasi ya jina langu. Nilikuwa naona ute. Nilikuwa nimejichoma vile asubuhi na jioni.

"Mbona sikusikia harufu?" nilimuuliza. "Mama mukubwa, mimi ninasikiaka harufu ya samaki hata ku noti. Mbona sikusikia?"

Sauti ya sokoni ilikuwa imeshamtoka. Alijibu akitazama miguu yake.

"Nilikuwa naziosha. Na sabuni yako, ile ya ku soko. Kila siku nilikuwa naosha muzuri, na ku mufuniko pia, nasukutua na maji ya moto kidogo. Juu nilijua ukisikia harufu ya samaki hautajichoma. Ulisema utakufa."

Mama mkubwa akakaa chini sakafuni, mwili wote ule, akaanza kulia bila sauti. Sikuwahi kumwona akikosa sauti. Nilikuwa na hasira naye, nilikuwa na kinyaa kuanzia kisogoni mpaka nyayoni, na wakati huohuo nilikuwa namwona akiinama bandarini asubuhi, mikono imekufa ganzi, anasugua kichupa kidogo kwa sabuni ili mimi nisikunje pua. Nilinyoosha mguu wangu chini ya shuka mpaka ukagusa bega lake. Hapo ndipo nilipoweza kufika.

Kabla sijatolewa aliomba jambo moja. Aliomba daktari anitazame tena kwa mashine. Daktari hakuwa na sababu, lakini alikubali, nadhani kwa huruma. Nikapakwa tena ule ute wa baridi. Mama mkubwa akasimama tena mbele ya kioo, safari hii mbali kidogo, kama mtu aliyefukuzwa dukani akarudi kuchungulia.

"Haikukomaa?" aliuliza.

"Haikukomaa, mama. Iko vile ilikuwa."

"Hata kidogo? Na zile nguruwe yote?"

"Zile zilifika ku tumbo, tumbo likazisaga sawa nyama ingine. Hakuna njia ya kutoka ku tumbo kwenda pale. Lakini haikukufa zaidi, usiogope. Dawa tu, na baridi ya chungu. Si barafu."

Hapo nikakumbuka na kumshitaki chura. Nilimweleza daktari yote, mpaka kile alichoacha juu ya chupa, nikitegemea aniambie chungu hakifai. Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Ule chula ni termometre yako," alisema. "Chula hakaake kwenye joto, na hakaake kwenye barafu. Ukimukuta mule, ujue dawa iko muzuri."

Nilimwona daktari naye hana akili. Kitu kile, kipimo!

Tulirudi nyumbani. Mama mkubwa akanunua chungu kipya, akachota mchanga safi mbali na pale panapoanikwa chisense, akaupepeta kama unga. Zile chupa za friza alizimwaga mwenyewe nyuma ya choo. Bucha hakukanyaga tena, na mbwa wakarudi kwenye urithi wao. Alipokuwa anarudi kutoka bandarini alinawa mpaka viwiko kabla ya kunikaribia, akakaa kwenye kigoda cha mbali, akaniuliza kutoka kule kama nimejichoma. Alikuwa amepungua sauti. Nilichukia hali hiyo kuliko nilivyochukia harufu yake. Nilimwambia asogee, akasema hapana, yuko sawa palepale.

Kila asubuhi alisimama mlangoni nilipoinua kitambaa. Hakuuliza kitu, lakini nilimwona anaangalia usoni kwangu. Chungu kilikuwa kitupu, chupa tu na unyevu. Alikuwa anasonya taratibu na kuondoka. Sikuelewa, mpaka jirani akaniambia kwa kicheko kwamba mama mkubwa ameonekana kwenye matete kando ya maji, kanga imefungwa kiunoni, anapigapiga nyasi kama mwendawazimu, na hataki kusema anatafuta nini.

Asubuhi iliyofuata niliinua kitambaa, na chura alikuwemo.

Huenda alikuwa mwingine, sijui. Mabaka yale yale, koo lile lile linalopanda na kushuka. Alikuwa amejikandamiza juu ya chupa na tumbo lake la rangi ya uji. Nilisikia mate yanajaa mdomoni. Nyuma yangu, mlangoni, mama mkubwa alikuwa amesimama na tope limekauka kwenye miguu yake, ameshika pindo la kanga kwa mikono miwili.

Nikaingiza mkono. Ngozi yake ilikuwa mbichi na inateleza, na chini ya ngozi kuna kitu kinadunda haraka haraka. Nywele za mikono zilinisimama. Sikumtupa. Nilimsogeza pembeni, akakubali kusogea, nikachukua chupa iliyokuwa chini yake.

"Iko baridi?" mama mkubwa aliuliza.

"Iko baridi."

Nikamrudishia chura kitambaa chake. Kisha nikaenda uani na kipande cha sabuni, nikanawa mkono ule mpaka ngozi ikawa nyekundu, nikarudi, nikaviringisha dawa viganjani, nikavuta, nikajichoma. Chupa sikuiosha.